Dakar Hawakuulizi Unataka Nini Kabla ya Kukuuliza Umeamkaje

Kuna imani moja tumelelewa nayo hapa Nairobi: ukiwa na Kiingereza mdomoni na M-Pesa mfukoni, hakuna mahali utakwama. Imani hiyo inaishia kwenye mlango wa kutokea wa uwanja wa ndege wa Dakar. Pale nje Kiingereza chako hakimsaidii mtu, M-Pesa haiko, na mjini kwenyewe ni karibu kilomita 50 kutoka hapo uliposimama na begi lako.

Nilikaa Senegal wiki tatu mwaka huu, Januari mpaka mwanzo wa Februari, nikibeba kamera nyuma ya wachezaji saba wa Nairobi na Pwani waliokuwa wamealikwa huko. Tangu niweke zile video, swali linalorudi kwa inboksi si kuhusu ngoma. Ni hili: "Manze, Kifaransa ulijifunzia wapi, na mimi nikienda nijue maneno gani?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vikachoka. Hili hapa ni jibu la wote.

Nilijifunzia wapi? Kwa kinyozi. Chuo niliacha mwaka wa pili, hiyo stori mshaisikia na mathe hataki niirudie. Lakini kinyozi wangu wa Kayole ni Mkongomani wa Bukavu. Kiswahili chake na changu vinasikizana vizuri, hata kama kuna maneno yake nakisia tu, na Kifaransa anacho tele. Tukakubaliana: nikikaa kwa kiti, hakuna Kiswahili mpaka nywele ziishe. Mwaka mzima, kila wiki mbili. Sijui kama kuna kozi ya bei hiyo mahali popote.

Alichonifunza kilikuwa na lafudhi ya nyumbani kwao. Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji, kwa hivyo sabini kwao ni "septante" na tisini ni "nonante". Senegal ilikuwa ya Wafaransa, na Wafaransa sabini wanaiita sitini-na-kumi, "soixante-dix", na tisini ni ishirini-mara-nne-na-kumi, "quatre-vingt-dix". Siku ya pili Dakar nikamwambia mama muuza vitambaa namba yenye "septante". Akacheka mpaka akamwita jirani yake. "Huyu amefunzwa na Mkongomani!" Akanipunguzia bei kwa sababu ya kicheko hicho, kwa hivyo silalamiki. Lakini zifanyie mazoezi namba hizi kabla hujaenda, maana huko namba ya simu hawaitaji tarakimu moja moja kama sisi. Wanaitaja kwa mafungu, na namba nyingi za simu za mkononi zinaanza na 77 au 78. Mtu akianza "soixante-dix-sept", usikimbilie kuandika 60 na 17. Ni 77.

Sasa tuje kwa mambo yenyewe.

Nairobi ukiingia dukani unasema nini? "Nipatie maziwa na mkate." Umetaja kitu, umelipa, umetoka. Hakuna aliyekosewa heshima. Makanga tunamwambia "shukisha hapo" bila jambo wala habari, na yeye anagonga gari tu. Kwetu kufanya haraka ndiyo adabu, hutaki kumpotezea mtu wakati. Dakar ukiingia hivyo hakuna atakayekugombeza. Mwenye duka atakutazama, atanyamaza kidogo, halafu atasema polepole: "Bonjour." Niliona mmoja wetu akifanyiwa hivyo kwenye duka la kwanza kabisa tuliloingia. Ile bonjour haikuwa salamu. Ilikuwa ni kumrudisha mlangoni aingie upya, safari hii kama mtu.

Kwa hivyo anza na "Bonjour, Madame" au "Bonjour, Monsieur". Jioni ni "Bonsoir". Ukikuta watu wamepanga laini, wasalimie wote kwa pamoja, hata kama hakuna unayemjua. Ombi lako linakuja baadaye, na "s'il vous plaît" mwishoni. Halafu kuna "tu" na "vous". "Tu" ni ya mbogi yako. "Vous" ni kumwambia mtu mmoja "nyinyi" kwa sababu ya heshima. Kama huna uhakika, tumia "vous". Mtu akitaka mzoeane atakuambia mwenyewe.

Kuna maneno ya Kifaransa yanayofanana na Kiingereza na yatakuaibisha. "Location" kwenye kibao si mahali, ni kukodisha. "Monnaie" wanayokuuliza kwa teksi si pesa, ni chenji. Na kama tumbo lako halipatani na kemikali za kuhifadhi chakula, usiulize kama juisi ina "préservatifs". Utakuwa umeuliza kama ina kondomu.

Lakini ukweli ni kwamba Kifaransa ni nusu ya safari tu. Ndicho kilichoandikwa ofisini, benki na kwenye karatasi za serikali. Barabarani Dakar inaongea Kiwolof, na kuna watu wengi, hasa wazee na wachuuzi, ambao Kifaransa chao kiko karibu na changu. Hapo ndipo nilipopenda. Salamu ya Kiwolof inaanza na "Salaamaalekum", ambayo hakuna mtu wa Pwani anahitaji kufunzwa. Halafu "Na nga def?", uko aje? Na jibu ni "Maa ngi fi rekk". Unajua maana yake? Niko hapa tu. Niko tu! Jibu letu lile la mtaani, ambalo walimu walituambia halina maana, ndilo jibu la heshima la jiji zima. Baada ya hapo utaulizwa watu wa nyumbani wako aje, "Naka waa kër ga?", na utasema "Ñu ngi fa", wako huko. Hakuna anayetaka taarifa kamili ya afya ya shangazi yako. Ukishukuru, "Jërëjëf", utajibiwa "Ñoo ko bokk", yaani hilo ni letu sote.

Siku za wiki nazo utazisikia kama ndugu waliopotezana. Alhamisi ni "alxames", na hiyo x isome kama kh. Ijumaa ni "àjjuma". Kiarabu kilipita kwetu na kikapita kwao, kila mmoja akachukua alichotaka. Mwenzetu mmoja, binti wa Mombasa, alikuwa anazisikia hizi kabla yangu mimi mwenye Kifaransa cha kinyozi.

Na yeye ndiye sababu ya mimi kuandika haya kwa uzito huu, badala ya kuwapa video ya sekunde thelathini ya maneno kumi. Ameniruhusu nisimulie, bila jina.

Januari Dakar ina vumbi. Upepo wa harmattan unatoka upande wa jangwani, na kuna asubuhi unaamka mbingu ni ya rangi ya chai ya maziwa. Yeye ana pumu tangu utotoni. Alikuwa amebeba dawa yake ya kuvuta, ile ya kopo la buluu, lakini vumbi la wiki mbili liliimaliza kabla ya hesabu aliyopiga Mombasa. Usiku mmoja, kama saa tano hivi, akaja kugonga mlango wetu. Hakusema kitu. Alikuwa ameshika fremu ya mlango na mabega yanapanda na kushuka. Mwenye nyumba alikuwa amelala Thiès siku hiyo. Kati ya sisi tuliobaki, mwenye Kifaransa nilikuwa mimi. Kijana aliyeacha chuo, na maneno niliyofunzwa nikinyolewa.

Duka la dawa la karibu lilikuwa limefungwa. Kitu nilichokuwa nimekisikia ni kwamba huko maduka ya dawa yanapeana zamu za usiku, "pharmacie de garde", na ukikuta limefungwa, angalia mlangoni, orodha ya wenye zamu hubandikwa hapo. Orodha ilikuwepo, lakini majina ya mitaa hayakuniambia kitu. Kando kulikuwa na mlinzi mzee amekaa kwa kiti cha plastiki, amejifunga blanketi. Nikamsalimia. Salaamaalekum, na nga def. Akaitikia, akaniuliza, nikaitikia. Ndiyo, nilikuwa natetemeka. Halafu nikamwonyesha orodha. Alisimama, akaenda mwenyewe mpaka barabarani, akasimamisha teksi na kumwelekeza dereva kwa Kiwolof, na bei akaipanga yeye. Sikubishana na mtu hata faranga moja.

Dukani kulikuwa na watu sita mbele yangu, na mfamasia alikuwa nyuma ya kidirisha chenye vyuma. Nikasema kwa sauti, "Bonsoir Madame, bonsoir à tous." Wote wakaitikia. Ndipo nikasema, "C'est urgent. Mon amie fait une crise d'asthme." Laini ikafunguka. Hakuna aliyesukumwa, kila mtu alirudi hatua moja tu, na mwanamume mmoja aliyekuwa na mtoto begani akaniashiria nipite.

Kuna mmoja wenu, nilipomsimulia hii, aliniambia kwamba mtu akikosa pumzi hakuna wakati wa bonsoir. Namwelewa. Lakini hiyo salamu ilichukua sekunde tatu. Ningeingia nikipayuka kwa lugha ya nusu, wale watu sita wangeona mgeni anayeruka laini, na tungetumia dakika kuelewana kwamba sivyo. Sekunde tatu zilininunulia laini nzima. Mimi sizijutii.

Jina la dawa ndilo lililomaliza kazi. Sikujua Wasenegali wanaiita nini, lakini kwenye kopo kuu kuu nililobeba kulikuwa na neno "salbutamol", na hilo ni lilelile Mombasa, Dakar na Paris. Mfamasia hakunipa tu aniache niende. Aliniuliza "Elle arrive à parler?", je, anaweza kuongea? Nikampigia simu. Akajibu kwa Kiswahili, "Naongea, lakini nakatika." Nikatafsiri. Mfamasia akaandika kwenye boksi namba nne kubwa, 1515, akaniambia akivuta na asipate nafuu, nisimrudie yeye, nipige hiyo. Ni namba ya SAMU, watu wa dharura za matibabu. Sisi huwa na 999 kichwani na tunadhani dunia nzima ni hivyo. Senegal polisi ni 17, wazima moto ni 18, na SAMU ni 1515. Ziandike kwa karatasi, maana simu huzima saa ileile unayoihitaji.

Alipata nafuu. Kufika saa saba usiku alikuwa analalamika kwamba chumba chetu kinanuka soksi, tukajua mambo ni poa.

Kwa hivyo kabla hujajifunza kuagiza kahawa kwa Kifaransa, jifunze kuusema mwili wako. Andika jina la dawa yako, si jina la kampuni, lile jina dogo lililo chini yake. Kama kuna kitu kinakudhuru, jifunze "Je suis allergique à", halafu kitaje. Na beba dawa ya siku nyingi kuliko unazokaa, hasa ukienda miezi ya vumbi.

Pesa nitapita haraka, ila kuna mtego mmoja. Faranga ya CFA wanatumia nchi nane za Afrika Magharibi, na imefungwa kwa yuro: yuro moja ni faranga 655.957, leo na kesho. Nilipoenda mimi shilingi yetu moja ilikuwa faranga nne na ushee. Noti ya 10,000 ivunje dukani mapema, kwa sababu ukimpa dereva wa teksi atakuangalia kama umemtukana. Mahali pa M-Pesa utakuta Wave, yenye nembo ya pengwini, na Orange Money. Nunua laini ya huko kwa pasipoti yako na maisha yatakuwa rahisi.

Mtego ni huu. Kwa Kifaransa bei ni faranga. Kwa Kiwolof, sokoni, wanahesabu kwa vipande vya tano tano, kipande kimoja kinaitwa "dërëm". Kwa hivyo mama akikuambia "téeméer", ambayo ni mia, anamaanisha mia za tano, yaani faranga 500. "Junni" ni elfu, na ni noti ya 5,000. Ukijifanya mjanja ukabishana bei kwa Kiwolof bila kujua hili, utashangilia punguzo ambalo halipo. Wazee wetu wanaokumbuka shilingi tano ikiitwa dala wataelewa haraka kuliko sisi.

Teksi ni za manjano na nyeusi, na nauli mnaipatana kabla ya kuingia. Salamu, mahali, alama ya karibu kama msikiti au kituo cha mafuta, ndipo bei. Zile gari za kale za buluu na manjano, "car rapide", ni matatu zao, na makanga wao anaitwa "apprenti", ananing'inia nyuma kama wetu. Kuna pia basi za umeme za BRT kutoka Petersen mpaka Guédiawaye, zilianza 2024. Nilipanda nikafikiria zile laini nyekundu tulizochorewa Thika Road. Sitasema zaidi.

Chakula sasa. Ukipita watu wanakula utaitwa, "Kaay lekk", njoo ule. Ni kama karibu ya Pwani, na kama Pwani, wanamaanisha. Chakula chenyewe mara nyingi ni thieboudienne, wali na samaki na mboga, ambacho UNESCO walikiweka kwenye urithi wa utamaduni usioshikika 2021. Mnazunguka bakuli moja. Mkono wa kulia au kijiko, na unakula sehemu iliyo mbele yako tu. Usivuke mpaka kwenda kuchukua kile kipande kizuri cha samaki katikati. Mama mwenye nyumba atakivunja na kukusukumia. Sisi wa Nairobi tulikuwa tumejikunja kama tuko kwa mahojiano ya kazi, yule wa Mombasa aliyelelewa na sinia akala kama yuko kwao. Ukishiba sema "Suur naa". Watakuambia uongeze. Sema tena.

Baada ya chakula kuna chai, attaya, na inakuja mara tatu kwa vikombe vidogo, ya kwanza chungu, ya mwisho tamu. Inaweza kula saa mbili. Ukiondoka baada ya kikombe cha kwanza, umeondoka katikati ya stori.

Kwa wenzangu wa kamera: omba kwanza. Wengi walinikatalia, hasa kwenye soko la samaki la Soumbédioune, na walikuwa na haki yao. Kumwelekezea mtu simu usoni bila hata "Salaamaalekum" ni kuingia nyumbani kwake kupitia dirishani. Waliokubali walikubali baada ya salamu ndefu, na video zangu nzuri zote ni zao. Watoto wa barabarani wanaoomba na vikopo, usiwachukue kabisa. Hawana wa kuwakubalia wala kuwakatalia.

Na la mwisho, kwa sababu wengi mtaniuliza. Nimesema kulia, kulia, kulia: kula kwa kulia, kupeana pesa kwa kulia, kusalimia kwa kulia. Sasa siku ya kuondoka, mtu aliyekuzoea akikupa mkono wa kushoto, usishtuke. Kwa safari ya mbali huko wanaagana hivyo makusudi. Ni kosa la adabu ambalo halijasahihishwa, na kulisahihisha itabidi urudi. Sote wanane tulipewa wa kushoto na mwenye nyumba, na baadaye, pale uwanjani, hata na dereva wa teksi ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa ametubishia nauli nusu saa nzima.